Siku ya Thelathini na Moja

Ofisi yangu iko juu ya duka la turubai, Barabara ya Naboa, Mbale.
Vidato kumi na vinne, cha tisa kimelegea.
Wanaopanda hupanda na bahasha kwapani
kama mtu aliyeficha yai.

Wa zabuni nawatambua kwa viatu:
mkandarasi wa barabara, vumbi jekundu hadi kwenye kamba;
muuza dawa, kiwi ya asubuhi ile ile;
na Wamoto, seremala wa Namakwekwe,
maranda ya mkaratusi kwenye soksi.

"Madawati mia sita na arobaini," alisema.
"Dawati nalijua. Lakini hiki,"
akatua kitabu cha kurasa themanini na mbili,
"hiki sijui nikianzie randa wapi."

Ndiyo kazi yangu. Nilipiga randa.
Cheti cha kodi. Cheti cha usajili.
Hati ya uwakili, muhuri wa kamishna wa viapo.
Tamko kwamba hana wake ndani ya wilaya.
"Mlinzi wa lango ni binamu ya mke wangu."
"Andika."
"Hata mlinzi?"
"Andika. Mficha uchi hazai."
Akatia sahihi kila ukurasa, chini kulia,
ulimi nje, kama anayechonga.

Ikabaki dhamana ya benki:
siku mia na ishirini tangu tisa Septemba.
Nilikunja ngumi, nikahesabu nilivyofundishwa utotoni,
kifundo thelathini na moja, bonde thelathini,
na usiku ule, umeme ukikatika na kurudi,
Novemba nikaipa kifundo.

Ukumbini bei zilisomwa kwa sauti.
Milioni tisini na sita: ya chini kuliko zote tano.
Wamoto hakutabasamu. Alipapasa benchi tulilokalia,
akaninong'oneza kwamba limeungwa vibaya.

Wiki tatu, kisha karatasi ubaoni:
*Dhamana pungufu kwa siku moja.*

Niliandika malalamiko, usiku mbili, bila ada.
Nikasema dosari ndogo, nikasema isiyogusa msingi,
nikasema watoto wanaoandikia magotini.
Jibu lilikuwa mistari miwili.
Na mstari wa pili niliufahamu:
mwaka juzi, nikimtetea mteja wa Bubulo,
niliuandika mimi mwenyewe dhidi ya mtu mwingine,
kwenye karatasi nzuri,
na jioni ile nilikula kuku.

Njia nzima hadi Namakwekwe nilikuwa na neno *benki* mdomoni.
Benki haina uso. Benki ingebeba.
Nilimkuta akipanga mbao alizokwisha kukopa,
vijiti kati ya mbao na mbao ili zipumue.
Nikasema, "Ni mimi. Novemba."

Alichomoa penseli sikioni, akairudisha.
"Mbao iliyokatwa fupi," akasema,
"haiungwi kwa samahani."
Kisha akakunja ngumi yake, ile yenye kidole nusu,
akapita juu yake polepole, mwezi kwa mwezi.
"Hapa?"
"Hapo."
"Hapa ni shimo kabisa."
"Ndiyo."
Gundi ilikuwa ikichemka. Hakuna aliyeiondoa motoni.

Sikumtarajia tena. Mbao zile aliziuza kwa hasara,
nilisikia sokoni, si kwake.
Lakini Machi, siku ya mvua, nikasikia miguu ngazini,
ikasimama katikati, ikakanyaga mara mbili mahali pamoja.
Akaingia na bahasha: vitanda vya zahanati, Bududa.
Na kalenda ya duka la misumari,
ile yenye tarakimu kubwa za kuonekana toka ukutani.
Akaitandaza juu ya mafaili yangu,
akakaa upande wangu wa meza, si wa wateja.
"Kile cha tisa," akasema,
"alikipima nani?"